Mahali pa Vidole Vinne

Kila Jumapili saa nne asubuhi, wakati watu wa Saint Louis Park, huko Marekani, wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari yao, simu ya Melkiori ililia. Aliyepiga alikuwa dada yake mkubwa, Kokusima, kutoka Bukoba, ambako saa hiyo chakula cha jioni kilikuwa jikoni. Alianza na salamu, akaulizia baridi, akamuulizia Dativa, binti wa Melkiori, halafu akafika kwenye lile lililomfanya anunue vocha.

"Umeshalia?"

"Bado, dada."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Waitu, ndugu yangu, msiba haukaliwi namna hiyo. Utaugua, Melkiori."

Melkiori hakubisha. Angekuwa na uwezo angelia hapo hapo kwenye simu, ili dada yake apate kula kwa amani. Aliaga, akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaendelea kuangalia maegesho ya magari.

Mkewe, Laurencia, alikuwa amefariki Januari ya mwaka ule wa 2007. Alianguka asubuhi akiwa kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee alikokuwa muuguzi, na mchana haukumkuta. Walimzika Saint Paul, siku ambayo ardhi ilikuwa ngumu mpaka ikaletwa mashine ya kuipasua. Watanzania walikuja kutoka kila upande, wengine wakatoka Woodbury kwenye theluji, wakapika pilau ya watu mia, wakaimba, na wanawake wakalia kama inavyopasa. Melkiori aliketi mbele na koti lake, akapokea mikono ya watu, akasema asante, akauliza kama waliokaa nyuma wamepata chai. Watu wakaongea, maana watu hawakosi la kuongea. Wapo waliosema ni jasiri. Wapo waliosema mengine, na walioyasema wanajijua. Lakini pale hapakuwa na ujasiri wala ubaridi wa moyo. Mtu alikuwa amekufa ganzi, basi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alingoja ganzi ianze kuchoma ndipo imwachie, na haikuanza.

Katika nyumba ile nzima kilibaki kitu kimoja tu kilichoweza kumgusa, nacho kilikuwa kabati la jikoni.

Alilitengeneza mwenyewe mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Laurencia kumleta Marekani yeye na binti yao. Laurencia ndiye aliyetangulia, kusomea uuguzi, na Melkiori, seremala mwenye cheti na sifa mjini Bukoba, alipofika akawa msukuma vitanda hospitalini. Mikono ilimwasha. Akaokota mbao za makreti, akazipiga randa chumbani mpaka majirani wa chini wakagonga dari, na kabati likapatikana. Rangi alipaka Laurencia, siku ambayo mumewe alikuwa kazini. Ilikuwa kijani, kijani kibichi cha kuumiza macho, rangi iliyobaki kwa rafiki yake mmoja. Hakungoja mkono wa kwanza ukauke. Akapandisha wa pili, rangi ikachirizika, akaiacha na michirizi yake akaenda kupika.

Kila asubuhi kwa karibu miaka minane Laurencia alilifungua kabati lile kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kwenye kishikio na vidole vinne vikiegemea mlango, vidole vyenye mafuta ya kujipaka au ya chapati. Kidogo kidogo rangi ikalika. Pakatokea madoa manne ya ubao mtupu, ya rangi ya chai, laini kwa kushikwashikwa. Alipokufa, Melkiori akaanza kuweka vidole vyake pale kila asubuhi kabla ya chai. Havikuenea, maana vya Laurencia vilikuwa vifupi. Hakulia. Lakini kwa kitambo kile alijua kwa hakika kwamba Laurencia alikuwepo, kwamba hakusimuliwa habari zake na mtu. Halafu alichukua sukari, akanywa chai, akaenda kazini. Asubuhi ambazo hakupagusa alifika kazini bila kukumbuka njia aliyopita.

Mtu mwingine angeona pale uchafu tu. Melkiori alijua anachokiona, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo.

Mwaka 2001 alitengeneza mguu wa benchi kanisani bila kupiga msumari hata mmoja, na mzee mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa amekaa nyuma, akaja akapiga magoti kuangalia kiungo kile kwa miwani. Jina lake Verner Hedlund. Babu zake walitoka Uswidi, na yeye alikuwa na karakana kaskazini mashariki mwa Minneapolis ambako alihudumia samani za kale za huko kwao. Alisema maneno mawili: njoo Jumatatu. Melkiori alikwenda, na vitanda vya hospitali vikapata msukumaji mwingine.

Pale karakana alikuta ulimwengu. Hedlund hakuwa msemaji, lakini ukimgusa kwenye samani hakuwa na breki. Mfalme wao mmoja, Gustavo, alikwenda Paris zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, akaona viti vya Wafaransa vilivyopakwa dhahabu, akarudi nyumbani anavitaka. Sasa nyumbani kwake kuna misonobari na baridi. Mafundi wakanyoosha miguu ya viti, wakapunguza manakshi, na badala ya dhahabu wakapaka kijivu cha lulu, nyeupe, na buluu iliyopauka, ili kile kimwanga cha majira ya baridi kisipotelee ndani ya nyumba. Huo ndio mtindo uliobeba jina la mfalme. Wakulima vijijini nao wakawa na yao. Wakachora maua makubwa kupita vichwa vya watu, wakawavika manabii wa Biblia kofia za kijijini kwao, wakapaka ubao wa msonobari ufanane na marumaru ambayo wengi wao hawajawahi kuigusa. Saa zao za kusimama zilikuwa na kiuno na nyonga. Siku ya kwanza Melkiori alipoiona moja alitaka kuiamkia, alidhani mama fulani wa Bukoba amesimama mlangoni amejifunga kanga.

Alichopenda zaidi ni makasha ya maharusi. Msichana aliolewa na kasha lake la shuka na nguo, na mbele yake paliandikwa mwaka na herufi za jina lake. La kwanza alilolishika lilisema A.P.D. 1811. Anna, binti wa Per. Ile D ya mwisho ndiyo binti kwa Kiswidi. Melkiori alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao stendi, akaenda kuwasimulia Laurencia na Dativa wakati wa chakula. Kumbe na huko mwanamke ni binti fulani.

Na karakana ilikuwa na sheria moja. Samani hizi zilipita kwenye mikono ya wajukuu waliozichoka, wakazipaka kahawia, wakazipaka nyeupe juu ya kahawia. Kazi ya fundi ilikuwa kuzikwangua kwa kisu kidogo cha upasuaji, kavu kavu, bila dawa wala maji, tabaka kwa tabaka, mpaka kwenye rangi ya kwanza. Mlango mmoja ungeweza kula wiki tatu. Ukifika kwenye rangi ya kwanza unasimama. Huongezi kitu. Penye mkwaruzo unaacha mkwaruzo, na pale rangi ilipolika kwa mikono ya watu unapita kwa adabu. "Hapo ndipo mtu alipo," Hedlund alimwambia, akionyesha ukingo wa kasha la Anna. Na Wamarekani, ambao gari likichubuka kidogo hawapati usingizi, walikuja kugombea makabati yaliyobanduka rangi. Melkiori aliacha kushangaa mapema. Kila nchi na mambo yake.

Lakini siku ile alipoonyeshwa ukingo wa kasha, aliweka kisu chini. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono kwa muda mrefu sana, kwa sababu alikuwa amemkumbuka Bibi Ingegerd.

Mwaka 1975, Melkiori akiwa na miaka kumi na tisa, Bibi Ingegerd alikuwa mwalimu Mswidi kwenye chuo cha ufundi cha misheni pale Bukoba. Alikuwa na kasha la buluu lenye maua mekundu yaliyofifia, la bibi yake mzaa mama. Mchwa wakala kitako. Akalikabidhi kwa mwanafunzi wake bora, akamwomba abadilishe mbao za chini. Melkiori alizibadilisha kwa siku mbili. Halafu akalitazama kasha. Rangi imechoka, pembe zimechubuka, pale pa kuinulia mfuniko pamebaki ubao mtupu. Akaona aibu. Unamrudishiaje mwalimu wako kitu cha namna hii? Fundi yeyote wa Bukoba mwenye heshima zake angeona vivyo hivyo. Akapiga msasa siku tatu, pande zote, mpaka ubao ukatoka mweupe, akapaka vanishi mikono mitatu, kasha likang'aa unajiona meno. Akalipeleka kwenye baiskeli, akilishikilia kama anabeba mgonjwa.

Bibi Ingegerd alisimama barazani. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, vidole vikatembea ukingoni vikitafuta kitu. Machozi yakamtoka. "Asante, Melkiori," alisema. "Umefanya kazi nzuri sana."

Melkiori alirudi bwenini akipiga mluzi. Kwa miaka ishirini na sita hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yake tamu kuliko zote: Mzungu aliyelia kwa furaha alipoona kazi ya mikono yake. Aliisimulia kwenye harusi yake mwenyewe. Dativa alikua akiisikia, akaijua mpaka pale pa mluzi.

Siku alipoelewa machozi yale yalikuwa ya nini, alimwambia Laurencia peke yake. Laurencia alicheka mpaka akaketi, halafu kicheko kikakatika.

"Maskini mama wa watu."

"Nimwandikie barua?"

"Si ulisema alishafariki? Basi. Alikupa asante, kaa nayo. Angetaka ujue, angekuambia siku ile ile." Kisha akanyanyuka akaenda kwenye kabati lake la kijani, akagonga pale penye vidole vyake. "Na hapa pangu usipaguse, fundi. Nikifa, yule mzee wako atapauza."

Dativa hawakumsimulia. Melkiori aliona aibu. Alimwachia mtoto hadithi ya zamani, ile ya furaha.

Mwezi Machi arobaini ilifika. Ilikuwa Jumamosi. Watu wakasali sebuleni, wanawake wakagawana nguo za Laurencia, tanga likaanuliwa. Melkiori alishika mikono ya watu tena na kusema asante tena. Walipoondoka, Dativa alibaki na simu sikioni, akipokea maagizo ya shangazi yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mfanyakazi wa maabara mjini Minneapolis, mtoto wa vitendo kama mama yake. Kokusima hakumficha: nyumba isibaki na uchafu wa msiba, na baba yako umfanyie jambo la kumshtua, maana akiendelea hivi tutamzika naye.

Dativa alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, nimechukua off Jumatatu na Jumanne. Nataka nifanye usafi jikoni, nipange vitu vya mama. Ni sawa?"

Melkiori alikuwa anaangalia maegesho. "Fanya unavyoona."

Maneno mawili. Hakumtazama hata usoni wakati wa kuyasema.

Jumatatu asubuhi aliweka vidole vyake mahali pake, akanywa chai, akaondoka. Jioni alikuta shuka limetundikwa kwenye mlango wa jikoni na chakula cha kununua mezani. "Usiingie, baba, please. Mpaka kesho." Hakuingia. Alisikia harufu ya rangi, akadhani ni nguo zake za kazi. Jumanne asubuhi Dativa alimletea chai sebuleni, na alipofika karakana Hedlund alimwambia mambo mawili matatu ambayo hakuyasikia. Siku nzima alikwangua mlango wa kabati la pembeni, kahawia ikitoka kama ngozi ya kitunguu, na mkono wake wa kushoto haukutulia. Uliegemea meza, ukaegemea kiti, ukaegemea kabati la watu. Mara mbili Hedlund alimtazama juu ya miwani.

Alirudi saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa bado dirishani. Shuka lilikuwa limeondolewa. Dativa alisimama katikati ya jikoni amefunga kitambaa kichwani, mkononi ana doa la rangi lililofika mpaka kwenye kiwiko.

"Funga macho, baba. Funga! Haya, njoo. Now open."

Kabati lilikuwa kijivu. Kijivu cha lulu, cha mfalme Gustavo, kimepakwa kwa mkono uliotulia, bila mchirizi hata mmoja. Katikati ya mlango, kwa buluu iliyopauka, paliandikwa herufi tatu na mwaka: L.R.B. 1999.

"Laurencia, Rwegasira, binti," Dativa alisoma kwa haraka. "Kama yale makasha ya kazini kwako. Rangi nili-research, nilikwenda maduka matatu. Na mwaka ni ule ulipolitengeneza. Umeipenda?"

Melkiori alikwenda mpaka kwenye kabati. Akaweka kidole gumba kwenye kishikio na vidole vinne kwenye mlango. Palikuwa laini, sawasawa, baridi. Akavisogeza juu kidogo, akavishusha, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Bado alikuwa na tumaini moja la kifundi. Tabaka moja la rangi ni wiki moja ya kisu, na kisu alikuwa nacho.

"Chini yake umefanyaje?" aliuliza.

"Nilipiga msasa kwanza, baba!" Dativa alicheka, amefurahi kuulizwa. "Ungeniua nisingepiga. Kama ulivyonifundisha, rangi haishiki juu ya mafuta. Nimepiga mpaka ubao ukatoka mweupe. Na hapo hapo ulipoweka mkono, hapo palikuwa pamechakaa vibaya, pana mafuta mpaka ndani. Hapo peke yake nilimaliza almost one hour."

Kilianza kwenye vidole, kikapanda mkono mzima, kikachoma. Melkiori aliegemea kabati kwa paji la uso, kwenye rangi ambayo haijakauka vizuri, na kilio kikamtoka kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. Alimlilia Laurencia. Alililia kasha la buluu pia, na yule mama aliyesimama barazani na kumtazama kijana aliyejaa matumaini na vumbi la msasa kwenye nyusi. Wiki zote za kuambiwa pole zilikuja kwa mpigo, akalia mpaka binti yake akamshika kiunoni.

"Baba? Baba, nimekosea?"

Alimgeukia. Dativa alikuwa na macho makubwa ya mama yake, yanangoja.

"Asante, mwanangu," Melkiori alisema. "Umefanya kazi nzuri sana."

Uso wa mtoto ukafunguka. Akamkumbatia, akamfuta kijivu kwenye paji kwa pindo la kitambaa, akakimbilia simu, akaanza kuongea kabla ya upande wa pili kumaliza kuitikia, bila kujali kwamba huko ni usiku na amewaamsha watu. Melkiori alisimama kwenye sinki akinawa uso, akisikia kila neno. "Shangazi, amelia! Eeh, amelia sana! Ameipenda mpaka amelia, kama yule Mzungu wa kasha, unakumbuka?" Vigelegele vya mwanamke mmoja vikatoka kwenye kile kisimu, vyembamba, kutoka Bukoba.

Dativa akamletea simu.

"Melkiori," dada yake alisema. "Ni kweli? Umelia?"

"Nimelia, dada."

"Kwa furaha?"

Dativa alikuwa ameinama mbele ya kabati, analifuta vumbi lisilokuwepo, anapiga mluzi.

"Kwa furaha," Melkiori alisema.